Noah ya Nyevu

Unaniuliza, Mwaro, ipi bora,
umeegemea boneti kama mtu anayedai chenji.
Haya. Shika tochi hii, nimulikie hapa chini ya bampa,
nikueleze huku mikono ikifanya kazi.

Noah ya Nyevu wa Gongoni ililetwa hapa Barani
na taa zake mbili za zenoni, moja imekufa.
Ile ya kushoto, upande wa bahari akishuka mjini.
Gari lililong'olewa viti likajazwa chumvi,
utafanyaje? Chumvi ilikuwa imeila balasti
mpaka ukiigusa inamong'onyoka kama mkate mkavu.
Bei ya balasti ni magunia tisa.
Nyevu akahesabu vidole, akaenda zake sokoni,
akarudi na LED moja ndani ya boksi la rangi ya dhahabu.
"Jicho ni jicho, fundi. Tia."

Nikatia.

Usiku tukaielekeza ukutani, kwenye bohari la pamba
lisilo na pamba. Nikawasha.
LED ikaruka, pa!
kama mtoto aliyeitwa naye hajalala,
nyeupe, kavu, haina habari ya jana.
Zenoni ikajivuta. Kwanza samawati,
kisha zambarau ya bilingani,
kisha ikawa yaja, yaja,
kama bi mkubwa anayetafuta kandambili uvunguni
kabla hajaitikia hodi.
Sekunde tano. Sita.
Ilipofika ikatandika mwanga kama mkeka,
ukingo umenyooka, huoni pa kuukosoa.

Nyevu akacheka. "Huyu mzee atanichelewesha."

Na kweli, sikusemei uongo:
LED haili betri. Haina balasti ya kuliwa na chumvi.
Ina feni kisogoni, ndogo kama shilingi,
feni ikizibwa na vumbi la Marafa, kwaheri,
lakini ikipona itakuzika wewe na gari lako.
Ila nyumba ile, Mwaro, kile kioo na pindo zake,
ilijengwa kwa zenoni.
Mpangaji mpya kaingia na vitanda visivyoenea,
mwanga ukatokea dirishani, ukatokea juu ya mlango,
ukatawanyika kwa majirani.
Niliuona ukutani. Nikakaza skrubu, nikauteremsha
hadi kwenye mstari wa chaki.
Mwingine ukabaki juu, umeng'ang'ania mabati.
Nikasema, "Nyevu, huu haushuki wote."
Alikuwa ameshapiga stata.

Wiki tatu. Kisha akaja asubuhi, hana maneno.
Akakaa pale kwenye tairi.

Ilikuwa kabla ya alfajiri, karibu na daraja la Sabaki.
Pikipiki mbele yake, madumu manne ya mnazi.
Mara pikipiki ikayumba, ikaacha lami,
ikalala mchangani, mnazi ukamwagika wote.
Hakuumia. Wala hakutukana, na hilo ndilo lililomkera Nyevu.
Alisimama tu, mikono mbele, anapapasa hewa,
anatafuta pikipiki iliyo miguuni pake.

"Nilimwona vizuri, fundi," akasema.
"Niliona hata kifungo kilichokosekana kwenye shati.
Yeye hakuniona kabisa.
Nimesimama mbele yake, naita, nami ni jua tu."

Akalipa madumu. Kisha akaniletea magunia,
si tisa, sita, hayo matatu bado namdai,
nikaagiza balasti, nikaipaka grisi, nikaifunga mpira.
LED yake ile pale rafuni. Inawaka.
Naitumia nikitafuta nati zilizoanguka.

Kwa hiyo ipi bora?
Gari lako lilizaliwa na LED, nyumba yake, kioo chake?
Baki nayo, upanguse feni.
Lilizaliwa na zenoni? Ivumilie ikiamka.
Na unapita njia gani saa kumi za usiku,
na nani anakuja upande wa pili?
Hilo hujaniambia.

Mwaro, hiyo tochi. Shusha.
Chini. Chini zaidi kidogo.
Hapo. Sasa nakuona.